Kiu ya Katapila

Watu wa Kibosho walikuwa na utani wao. Wakimwona Sirili anapita na ovaroli lake lililolowa grisi, walisema, "Huyo hapo, fundi aliyeuzwa pamoja na katapila." Sirili alicheka nao, maana asiyeweza kuchekea utani Kibosho hana pa kukaa. Lakini ulimchoma, kwa sababu ulikuwa kweli tupu.

Mambo yalianza enzi za ruksa, serikali ilipokuwa inajitoa kwenye mashamba makubwa ya kahawa na kuuza kila kilichouzika. Shamba ambalo Sirili alikuwa fundi wake tangu ujana liliuzwa vipande vipande: mitambo ya kumenya kahawa, matrekta, mpaka milango ya ofisi. Mwisho likabaki katapila moja kuukuu, lililokuja nchini Sirili akiwa hajapata hata kipaimara. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamelizunguka wanagongagonga ubavu wake kwa nyundo. Pembeni alisimama Bwana Ashif, mkandarasi wa Moshi mjini, anasitasita. Ilimuuma Sirili kuona mashine aliyoilea inakwenda kuyeyushwa ili yatoke masufuria. Akapaza sauti mbele ya umati mzima: "Bosi, nunua! Hili nitaliangalia mimi mpaka likumalizie kazi zako."

Ashif akanunua. Mdomo uliponza kichwa.

Maana kazi za mkandarasi haziishi. Barabara ya Rombo ilizaa ya Same, ya Same ikazaa ya Simanjiro, na kila Sirili alipokohoa kidogo kutaka ruhusa, Ashif alimshika bega: "Hii moja tu, Fundi." Na Ashif hakuwa mtu mbaya, hapo ndipo penye ubaya wenyewe. Baba yake Sirili alipofariki, Ashif alipanda mlima kuja kuzika, akazama kwenye tope na viatu vyake vya kung'aa, akasimama kaburini mpaka sala ya mwisho. Mtu mbaya unamkimbia na dunia inakusifu. Mtu mwema anayekuhitaji unamkimbiaje?

Na Sirili alitaka kitu kimoja tu duniani, kurudi nyumbani. Alikuwa kitinda mimba, na kwa Wachagga mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya baba, pamoja na mama, migomba na makaburi. Kihamba kile, shamba la ukoo, kilikuwa chake tangu anazaliwa. Mama yake, Salvina, alikuwa anaishi humo peke yake na ng'ombe mmoja. Krismasi iliyopita, ukoo ulipokutana kama kawaida, kaka mkubwa Antoni aliweka kibuyu chini akasema asichokuwa na haja ya kukirudia: "Sirili, Krismasi ijayo kama hujahamia hapa, namleta Ronald wangu akae na bibi yake. Kihamba hakikai na mtu wa njiani." Wazee wakaitikia. Sirili alitazama chini. Mkewe Doris, aliyekuwa anauza vitenge soko la Mbuyuni, alishakubali kupanda mlima siku yoyote mumewe atakapofungua kinywa, na mumewe kinywa alishakifungulia kwa mtu mwingine.

Basi fikiria furaha ya Sirili, siku Ashif alipopata kazi ya kupanua barabara ya Kibosho kwenyewe, kuanzia chini mpaka kanisani kwao! Wakubwa waliokuwa Dar es Salaam walitaka magari yao yafike mpaka uani wakati wa sikukuu. Ashif alimpa Sirili mkono. "Barabara ikifika kanisani, ahadi yako umeimaliza. Nenda kwenu, Fundi." Ahadi ni deni, na Sirili aliona sasa deni lina mwisho, tena mwisho wenye msalaba juu.

Wiki za kwanza katapila lilipanda vizuri. Lilipofika mkabala na kwa mama Salvina, likaanza kuchemsha.

Paa la mama yake lilionekana kutoka pale, na moshi wa jikoni, na hata ng'ombe akilia alimsikia. Lakini kulala alilala kwenye hema kando ya mashine, kwa sababu dizeli ikilala peke yake Kibosho haiamki. Kila mchana mama alishuka na kitochi cha ndizi kwenye bakuli, akaketi juu ya jiwe, akamtazama mwanawe anavyoinywesha mashine maji kama mtu anayeuguza.

Sirili alianza pale fundi wa kweli anapoanza, yaani kwa kutokuamini mshale. Mshale wa joto ukidanganya, utapasua injini nzima kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Akaweka kiganja kwenye injini, akakitoa haraka. Joto lilikuwa la kweli. Akakagua mkanda wa feni, akaukaza. Akaosha mapezi ya rejeta kwa maji ya mfongo, mfereji wa kienyeji unaopita shambani, akayasukuma kutokea ndani kwenda nje, likatoka vumbi na majani makavu ya kahawa. Bado mashine ilichemsha. Akafungua thamostati, kile kilango kidogo kinachozuia maji mpaka yapate moto ndipo kinayaachia, akapanda nacho mpaka jikoni kwa mama yake.

"Shikamoo mama. Nipe sufuria la zamani."

"Marahaba. Unapika nini?"

"Chuma."

Akakitumbukiza kwenye maji yanayochemka, wakakitazama wawili. Kilango hakikufunguka hata kwa dawa. Ndicho kilichokuwa kinaua mashine. Sirili akacheka, na kwa raha ya kupata jibu akaanza kumweleza mama: kwamba lile dude lina moto tumboni, kwamba lina mdomo wake pale juu puani, kwamba lisiponyweshwa linakufa, na kwamba hata likinyweshwa kiu yake haiishi.

"Na wewe ndiye unayelinywesha," mama akasema.

"Ndiye mimi."

"Miaka yote hii."

"Miaka yote, mama."

Salvina aligeukia moto. Alichochea kuni. Sirili alifikiri anawaza mboga.

Akatafuta thamostati nyingine mjini, akaifunga, na katapila likapona. Lilifanya kazi wiki nzima bila kikohozi. Yoramu, dereva wake, mtu mnene wa maneno mengi, aliimba tangu asubuhi. Sirili akamtuma mtu kwa Ashif aseme mashine ni nzima. Akamwambia Doris aanze kufunga vyombo.

Jumatatu iliyofuata ikachemsha tena.

Sasa huu ulikuwa ugonjwa mwingine, na ulikuwa na tabia za ajabu. Jumatatu ulizidi, katikati ya wiki ukapungua kidogo, Jumatatu nyingine ukaja na ndugu zake. Sirili alishusha pampu ya maji, akaikuta haina kasoro. Alibadilisha mipira ya maji. Asubuhi moja alifungua mfuniko wa rejeta na kuona mapovu yanapanda kwa upole mdomoni, na roho ikamtoka, kwa sababu kila fundi anajua mapovu kwenye rejeta maana yake nini: gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha injini, imekwisha, moto wa silinda unapuliza ndani ya maji. Akashusha hedi nzima. Kazi ya jasho na matusi, na maji ya udongo yaliyomwagika aliyadhani kutu tu. Gasketi ilikuwa salama.

Ashif alipanda na pikapu yake, akaiona injini imevuliwa nguo. "Fundi, uliniambia imepona."

"Ilipona, bosi."

"Krismasi inakuja. Padri ananipigia simu."

"Najua, bosi." Nani alikuwa anajua Krismasi inakuja kuliko yeye? Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alitazama paa la mama yake jinsi mfungwa anavyotazama barabara kupitia dirisha.

Akarudishia hedi. Jumatatu iliyofuata, kabla Yoramu hajagusa injini ndogo ya petroli inayowashia ile kubwa, Sirili alifungua mfuniko, na mapovu yakawepo. Hapo akili ikamjia, na akajiona mjinga wa kupindukia. Injini ilikuwa baridi. Ilikuwa haijawashwa tangu Jumamosi. Sasa nani alikuwa anapuliza?

Akamwambia Yoramu awashe, akaacha ichemshe makusudi kidogo tu, mvuke ukapanda. Yoramu akanyanyua pua.

"Fundi, mbona hapa pananukia kilabu?"

Sirili akaizima, akasubiri ipoe, akaweka mkono kwenye tangi la juu la rejeta, likamuunguza, akaweka la chini, lilikuwa baridi. Basi njia za katikati zilikuwa zimeziba. Akafungua koki ya chini. Maji yalitoka kwa shida, mazito, rangi ya udongo, yamejaa makapi ya ulezi. Ilikuwa mbege, pombe ile ile ya ndizi na ulezi wanayopikiana Wachagga kwa harusi, msiba na ubatizo, na uchachu wake ndio uliokuwa unapuliza mapovu. Mtu alikuwa anailewesha mashine.

"Wahuni wa kilabuni," Yoramu akasema. "Wanatuchezea."

Sirili aliamini hivyo, kwa kuwa ndivyo alivyopenda kuamini. Alizibua rejeta kwa waya na maji mpaka ikatiririka safi, wakafanya kazi wiki nzima, na barabara ikabakiza kipande kifupi tu, kona moja na mwinuko mkali kufika uwanja wa kanisa. Jumamosi Ashif akaja, akafungua mfuniko mwenyewe, akaona maji meupe. "Jumatatu tunamaliza," akasema, na akawaalika watu.

Jumapili Sirili hakwenda misa. Alimwambia Yoramu ana homa. Akajificha kwenye migomba, fimbo mkononi, akiwasubiri wahuni.

Wahuni hawakuja. Alikuja mama yake. Alikuwa amerudi misa ya kwanza, bado ana kitenge cha akina mama wa parokia na rozari shingoni, na mkononi kibuyu. Alitazama huku na huku. Kisha yule mama wa miaka sabini, aliyekuwa bado anapanda miti kukata majani ya ng'ombe, akakanyaga cheni ya katapila na kupanda juu taratibu. Juu ya boneti aliweka jani la isale, jani ambalo Mchagga humpelekea aliyemkosea au anayemwomba jambo zito, na anayeletewa isale hana ruhusa ya kukataa. Akamwaga mbege kidogo chini kwa ajili ya wazee. Akafanya ishara ya msalaba, kwa tahadhari. Akafungua mfuniko.

"Umekunywa jasho la mwanangu miaka yote," aliiambia mashine kwa Kichagga, kwa sauti ya chini, kama anayemsemesha mgeni mkubwa. "Sikulaumu, kiu si kosa. Kunywa na hii ya kwangu. Ushibe. Ukishiba, umwachie."

Akamimina mpaka kibuyu kikakauka.

Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, lakini wanaosema hivyo wanafikiria adui. Sirili alikaa kwenye migomba fimbo imemlegea mkononi, machozi yanamtoka, hawezi kwenda mbele wala nyuma. Amtokee mama yake na kumfumania katikati ya sadaka? Mtoto gani anafanya hivyo? Na atamwambia nini? Kwamba maombi yake ndiyo minyororo? Alimwacha ashuke, afute mikono kwenye nyasi, aende zake. Jani alilichukua akalitia mfukoni. Maji hakuyamwaga, kwa sababu huyo huyo mama alimlea akijua kuwa kilichotolewa kwa wazee hakizolewi kabla hakijapambazukiwa. Nitamwaga alfajiri, alijiambia.

Alfajiri alimkuta Ashif ameshafika.

Na hakuwa Ashif peke yake. Palikuwa na mwenyekiti wa kijiji, katekista, kamati ya barabara, na akina mama wa parokia wamekuja na nyimbo. Salvina alikuwa mbele yao, amejifunga kitenge kile kile, anatabasamu.

"Washa, twende," Ashif akasema.

"Bosi, nipe nafasi kidogo nimwage maji."

"Maji gani? Nimeyaona Jumamosi, masafi kabisa."

"Kidogo tu, bosi."

"Kwa nini, Fundi?"

Watu wote wakamgeukia. Sirili alitazama koki ya chini ya rejeta. Akiifungua, mbege itatiririka mbele ya katekista, na Kibosho nzima hakuna pua isiyoijua mbege. Wataulizana nani, na wakiulizana watapata jibu, maana hakuna siri inayokaa siku mbili mahali ambapo migomba ya jirani inagusana na yako. Kesho yake watasema mama Salvina anatambikia matingatinga. Wangemfundisha sala upya kama mtoto. Alimtazama mama yake, na mama yake alikuwa anamtazama yeye kwa matumaini makubwa mno.

Kipande kimebaki kifupi, aliwaza. Labda itafika.

"Washa," akamwambia Yoramu, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Katapila likanguruma, akina mama wakapiga vigelegele, likaingia kona. Sirili alitembea kando yake, jicho kwenye mshale. Mshale ulipanda. Alimwashiria Yoramu apunguze, akapunguza, mshale ukaendelea kupanda. Kwenye mwinuko, msalaba wa kanisa ukiwa umeshaonekana wote, mvuke ukafumuka na ndani ya injini kukasikika mlio mmoja mfupi, kama kuni mbichi inayopasuka motoni. Yoramu akazima bila kuambiwa. Vigelegele vikafa.

Sirili alisubiri mashine ipoe, akavuta kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imegeuka chai ya maziwa. Hedi imepasuka. Hakuhitaji kuifungua ili ajue.

Ashif aliketi kwenye jiwe, kofia mkononi. "Nani, Fundi?" aliuliza, bila hasira. "Nani amefanya hivi?"

"Mimi, bosi. Nilipaswa kumwaga maji. Sikumwaga."

Yoramu alifungua mdomo, Sirili akamtazama, Yoramu akaufunga.

Ashif alivaa kofia yake. Kisha akasema, kwa upole ule ule wa siku zote, kwamba katapila litavutwa pembeni, na kipande kilichobaki wanakijiji watakichimba kwa majembe ili magari madogo yapite sikukuu. Fundi ataondoka kesho kwenda Arusha kutafuta hedi kwenye vyuma chakavu. Akikosa Arusha aende Babati, akikosa Babati aende Singida. Mashine ikipona itakwenda kwanza Simanjiro, kwa kuwa kule ameshapokea kazi, na Kibosho watarudi masika yakipita. "Tulikubaliana mpaka kanisani, Fundi. Hatujafika."

"Hatujafika, bosi," Sirili akasema.

Mchana alipanda kwa mama yake kuaga. Alimkuta amefagia uani. Kwenye chumba cha mwisho, kile cha baba, kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka jipya, na jogoo ameshachinjwa na kupikwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Limekufa?"

"Limekufa."

Salvina alifumba macho. "Ruwa asifiwe," akasema. "Wazee wamesikia. Mwite Doris apande."

Maneno yote yalikuwa kooni kwa Sirili. Angeweza kuyasema pale pale, na mama yake angeelewa kila kitu, kisha angeishi na kuelewa huko mpaka siku ya kufa, peke yake humo ndani. Akaketi. Akala kipande cha kuku ili asiseme.

"Kesho nakwenda Arusha, mama. Kulitafutia kichwa kingine."

Mama aliweka bakuli chini.

"Na Krismasi?"

"Sitakuwepo. Antoni amlete Ronald. Kitanda hiki apewe Ronald."

Mama hakulia. Alisimama, akalivuta lile shuka lililokwisha kunyooka, akalinyoosha tena. Halafu akaketi karibu naye na kumshika goti, kama anayemfariji mtoto aliyepigwa na wenzake.

"Basi haikushiba," akasema kwa sauti ya chini. "Nilipunja mimi. Usijali, ikifufuka nitaipa zaidi." Akafungua pindo la kitenge, akatafuta noti iliyokunjwa, akamtia mkononi. "Ukipita Bomang'ombe, ninunulie ulezi. Wa huku umekwisha."

Sirili aliifumbata ile noti.

"Nitaleta, mama," akasema.